Kabla hujanunua UPS kubwa zaidi, pima kwanza betri ya hiyo uliyo nayo

Mleta uzi (Ipagala, Dodoma)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu swali la "ninunue UPS ya ngapi?" (UPS ni kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta kwa muda umeme ukikatika) limeulizwa mara nyingi, na majibu yake huwa ni kutajiana namba tu: mmoja anasema 650, mwingine anasema 1,200, na kila mmoja anaapa kwamba ya kwake inakaa. Nina steshenari ndogo hapa Ipagala, yenye kompyuta mbili za mezani, printa ya leza, mashine ya kudurufu na ruta, na mengi ninayoyaandika hapa nimejifunza kwa kupoteza fedha zangu mwenyewe.

Katika msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi alikuja binti mmoja na mama yake, wametoka Bahi kwa basi la asubuhi. Tulikuwa tumeshaskani vyeti, tumejaza kurasa karibu zote, tumebakiza za mwisho, umeme ukakatika. UPS ikalia pi, pi, kisha ikanyamaza na skrini ikawa giza. Yule mama akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hicho kidude kilicholia ndicho cha kuzuia umeme usikatike?" Nilikosa cha kumjibu, kwa sababu kidude hicho kilikuwa na chini ya miaka miwili na aliyeniuzia aliniambia kwamba kinakaa nusu saa bila wasiwasi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwenda mjini siku ya pili kununua kubwa zaidi. Bahati nzuri sikuwa na fedha, na jioni ile nikaifungua.

Ndani yake kulikuwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ndogo nyeusi ya risasi iliyofungwa, ambayo utaikuta katika sehemu kubwa ya UPS za 650 VA zilizoko madukani kwetu. Mbavu zake zilikuwa zimevimba hadi ikakataa kutoka, ikabidi niitikise na kuivuta kama jino. Nikaipima kwa multimita, ikasoma volti 12.6. Hapo watu wengi huishia, wakasema betri ni nzima na mashine ndiyo mbovu. Lakini volti za betri isiyobeba mzigo ni kama salamu za njiani, hazikuambii kama mtu ameshiba au ana njaa. Nikachukua balbu ya taa ya mbele ya gari, ya volti 12 na wati 55, nikaiunganisha na betri: mwanga ukaja wa manjano, ukageuka mwekundu, na kwenye multimita volti zikashuka chini ya 9 kabla sijahesabu hadi kumi. Betri nzima ya ukubwa ule huiwasha balbu hiyo karibu saa nzima.

Sasa nieleze hesabu, maana hapa ndipo tunapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Ile namba kubwa kwenye boksi, yaani 650 au 1,000, ni volti-ampea (VA), nayo si wati. Geuza mashine nyuma uone maandishi madogo. Katika UPS za bei ya chini, 650 VA mara nyingi ni wati 360 hadi 390 tu. Hata hivyo, kwa mtu wa ofisi ndogo hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa kompyuta ya kawaida ya mezani pamoja na skrini yake bapa hula wati 80 hadi 150. Wati zinakuambia UPS inaweza kubeba nini, ilhali itakibeba kwa muda gani ni suala la betri peke yake, na mtengenezaji anaweza kabisa kuongeza namba ya VA kwenye boksi huku akiacha betri ndani ni ileile.

Volti 12 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 84, kwa makaratasi. Mtu atasema basi kompyuta ya wati 110 itakaa dakika 45. Haitakaa. Zile ampea-saa 7 hupimwa kwa kuinyonya betri polepole sana, kwa muda wa saa 20, yaani takriban ampea 0.35. Kompyuta ya wati 110, ukijumlisha na zile zinazopotea katika kugeuza umeme wa betri kuwa volti 230, huinyonya betri karibu ampea 12 kwa mkupuo, na betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi hiyo hutoa takriban nusu tu ya kilichoandikwa. Kwa hiyo betri mpya kabisa itakupa robo saa, pengine dakika 20. Ukiunganisha kompyuta mbili, usitarajie nusu ya muda huo. Utapata pungufu ya nusu.

Kinachoziua betri hizi mapema hapa kwetu ni joto. Muda wa kuishi ulioandikwa na watengenezaji, miaka mitatu hadi mitano, umekadiriwa kwa joto la nyuzi 20 hadi 25, na kanuni ambayo mafundi wengi huitumia ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hukata maisha ya betri kwa nusu. Sasa fikiria fremu yenye bati bila dari, mwezi wa Oktoba, UPS imesukumwa chini ya meza kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, na mgongo wa mashine ya kudurufu unaipulizia hewa ya moto. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeiweka mimi. Na vumbi letu mnalifahamu. Matundu ya pembeni yalikuwa yameziba kama yamepigwa lipu.

Jambo jingine ni ule umeme unaokwenda na kurudi mara tatu au nne kabla haujakatika moja kwa moja. Betri iliyoisha huhitaji saa 6 hadi 8 kurudi karibu na kujaa, kwa hiyo mkato wa pili wa siku hiyohiyo huikuta haina kitu, na mtu anasema UPS imeharibika.

Kuna atakayeuliza UPS ya nini wakati Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Umeme kuzalishwa ni jambo moja. Kati ya Rufiji na soketi yako kuna laini ndefu za msongo mkubwa, kuna kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, kuna transfoma ya mtaani, na kuna nguzo iliyosimama katika upepo wa Dodoma karibu na tawi la mwarobaini. Lolote kati ya hayo likiguswa, skrini yako inazimika.

Kuhusu aina za UPS, nitasema kwa ufupi. Ya kwanza hupitisha umeme kama ulivyo na kuhamia kwenye betri unapokatika. Ya pili hufanya hivyohivyo lakini ina kirekebisha volti ndani, kwa hiyo umeme ukishuka hadi 180 jioni, huupandisha bila kugusa betri. Ya tatu hugeuza umeme muda wote na haina mwanya hata kidogo, lakini ni ghali na hutoa joto, ni ya seva na vifaa vya maabara. Kwa ofisi za huku kwetu mimi ninaipendekeza ya pili bila kusita. Ule mwanya wa kuhamia kwenye betri, ambao ni kati ya milisekunde 4 na 10, kompyuta nzima haiutambui, kwa sababu pawasaplai yake, yaani kile kisanduku cha ndani kinachoigawia umeme, hubakiza akiba ya umeme ya milisekunde 16 hivi.

Printa ya leza na mashine ya kudurufu usiziunganishe kwenye UPS hata kwa kuazima dakika moja. Kile kinachopasha joto karatasi ndani yake huvuta mamia ya wati, wakati mwingine zaidi ya 1,000, kwa ghafla.

Mwisho, ule waya wa USB unaokuja ndani ya boksi, ambao wengi wetu tuliutupa pamoja na maboya yake: uunganishe na kompyuta. Windows itaonyesha alama ya betri kama ya laptopu, na unaweza kuiamuru ihifadhi kila kilichofunguliwa kwenye diski na kujizima betri ikifika asilimia 30. Wanaotumia Linux wana programu ya NUT kwa kazi hiyohiyo.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa Kibaigwa

Mkuu, ahsante kwa maelezo yaliyoshiba, lakini sikubaliani nawe katika msingi. Mimi niko karibu na soko la mahindi na kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara, na wakati wa msimu magari hayasubiri. Umeme ukikatika huku unaweza kuchukua saa tatu au nne, sasa robo saa yako itanisaidia nini zaidi ya kunipa nafasi ya kuaga wateja? Nimeweka inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, na betri ya ampea-saa 200, inabeba kompyuta tatu, na UPS zote nimezigawa. Nashauri watu waache kuhangaika na betri za ampea-saa 7.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Kibaigwa, hatupingani sana. UPS kazi yake ni kukupa nafasi ya kuhifadhi na kufunga, na anayetaka kuendelea na kazi anahitaji inveta, hilo nakubaliana nalo. Ila tuipigie hesabu na hiyo inveta ili mwingine asinunue kwa matumaini. Ampea-saa 200 kwa volti 12 ni wati-saa 2,400. Ikiwa betri ni ya risasi, ukitaka ikae miaka, usiitumie zaidi ya nusu, yaani wati-saa 1,200. Kompyuta tatu ni takriban wati 330, na ukijumlisha upotevu wa inveta unafika 380 hivi. Hapo una saa tatu, na ile ya nne unaiiba kwenye maisha ya betri.

Anayeanza sasa ningemshauri atazame pia betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti. Moja ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 yake bila kuiumiza, kwa hiyo kwa vitendo inakaribiana na ile ya risasi ya 200 ambayo kuinyanyua kunahitaji watu wawili. Ni lazima inveta iwe na mpangilio wa kuchaji lithiamu. Usiifunge kwenye chaja ya risasi ukategemea Mungu. Katika vijitabu vyake utaonywa pia kwamba isichajiwe kwenye joto la chini ya nyuzi 0, jambo ambalo mkazi wa Dodoma anaweza kuliruka.

Halafu nikuulize: kompyuta zako haziwaki upya umeme unapokatika?

Mchangiaji wa Kibaigwa

Moja huwaka upya, ile ya zamani. Nilidhani imechoka.

Mleta uzi

Angalia nyuma au kwenye menyu ya inveta. Nyingi zina mipangilio miwili: mmoja wa vifaa vya nyumbani kama feni na friji, ambao huhama kwa milisekunde 20 au zaidi, na mwingine wa kompyuta, ambao huhama kwa takriban 10. Kompyuta mpya huweza kuvumilia ule wa kwanza kwa bahati, lakini yenye pawasaplai iliyochoka haiwezi. Badilisha mpangilio kwanza, kisha utupe majibu. Ikishindikana, hiyo kompyuta moja irudishie UPS yake, ikae kati ya inveta na kompyuta.

Fundi umeme, Chang'ombe

Salaam wakuu. Nimesoma kwa makini, na nina mambo mawili ambayo mleta uzi ameyapita kama gari lisilo na kituo.

La kwanza ni usalama. Umewaambia watu kwamba uliifungua, lakini hukuwaambia kwamba UPS hata ukiichomoa ukutani bado ina chanzo chake cha umeme ndani, na ikiwaka inatoa volti 230 zilezile zinazoua. Tafadhali rekebisha.

La pili ni ethi, yaani ile njia ya kupeleka umeme ardhini. Watu huniita baada ya radi, wananionyesha UPS iliyoungua pamoja na kompyuta, wanasema "si tuliambiwa inalinda?" Vipo ndani yake vidude vya kumeza umeme mkubwa wa ghafla, lakini sehemu ya umeme huo vinatakiwa kuutupa ardhini, na kama soketi haina ethi, hauna pa kwenda. Hapa Dodoma kuna tatizo la pekee: mvua zetu ni za miezi michache, kuanzia Desemba hadi Aprili, na udongo ukikauka upinzani wake kwa umeme hupanda sana. Fimbo ya ethi iliyopigwa Februari, ikapimwa ikakubali, ipime tena Septemba uone. Dawa ni kwenda chini zaidi hadi kwenye udongo usiokauka, au kupiga fimbo mbili zilizoachana na kuziunganisha. Wapo wanaomwaga maji ya chumvi. Hufanya kazi kwa muda, kisha chumvi hiyohiyo inaila fimbo na viungio vyake. Na wapo, nasikitika kusema, wanaovunja pini ya juu ya plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Huyo hata ukimfungia UPS ya seva hajalindwa.

Nyongeza ndogo: umeme ukikatika wakati wa mvua, zima swichi zote za ukutani, na ukirudi subiri dakika kadhaa utulie. Ule wa kurudi ndio unaonipatia kazi nyingi.

Mleta uzi

Fundi, naungama kosa na nakushukuru. Kwa anayetaka kuifungua: izime kwa kitufe chake, ichomoe ukutani, vuta nyaya za betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kisha iache kwa muda bila kushika ile sakiti. Anayeona moyo unasita ampe fundi. Kubadilisha betri ni kazi ya dakika kumi.

Mchangiaji, mwanafunzi UDOM

Shikamooni wakubwa. Mimi nina laptopu tu, nimepanga chumba nje ya chuo. Betri yake inakaa saa tatu, ila umeme ukikatika intaneti nayo inakwenda kwa sababu ruta inazimika, na mara mbili imenikuta katikati ya kutuma kazi. Je, ninunue UPS kwa ajili ya ruta?

Mleta uzi

Marahaba. Hapana, usinunue hii ya kompyuta. Laptopu ni UPS tosha, na ruta yako inatumia umeme wa volti 12 au 9 unaotoka kwenye adapta. Kuutoa kwenye betri ya volti 12, ukaupandisha hadi 230, kisha adapta ikaushusha tena hadi 12, ni kupoteza njia nzima. Viko visanduku vidogo vya betri za lithiamu vinavyokaa kati ya adapta na ruta. Soma kwanza mgongo wa ruta uone volti zake, na uhakikishe zinalingana. Ruta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiaga. Angalia pia hesabu ya boksi: kikiandikwa 8,800 mAh, hizo kwa kawaida zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli, si kwa 12, kwa hiyo ni wati-saa 32 hivi. Ruta ya wati 8 itakaa kama saa tatu, inalingana na laptopu yako. Kama intaneti yako ni ya faiba, kumbuka kile kisanduku kingine cha ukutani nacho kinahitaji umeme.

Fundi umeme, Chang'ombe

Mleta uzi, hujatuambia mwisho wa ile UPS yako. Ulinunua nyingine?

Mleta uzi

Sikununua. Nilinunua betri tu, kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya, ingawa nayo ilinifundisha adabu. Duka la kwanza walinipa yenye lebo inayong'aa, 12 V 7 Ah, vipimo vilevile vya milimita 151 kwa 65, lakini ilikuwa nyepesi mkononi. Pembeni mama mmoja alikuwa anauza karanga, nikamwomba mzani: kilo 1.5. Ya duka la pili ikafika kilo 2.2. Uwezo wa betri hizi uko kwenye risasi, na risasi ni nzito, hakuna lebo inayoweza kudanganya mzani. Nikasoma pia tarehe ya kutengenezwa, maana iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa huwa imeshaanza kufa. Na pima upana wa zile ndimi zake za kuunganishia nyaya: ziko za milimita 4.8 na za 6.35, na kiungio cha moja hakikai vizuri kwenye nyingine.

Nikaichaji usiku kucha. Asubuhi, kabla ya wateja, nikazima swichi ya soketi ukutani, bila kuchomoa plagi ili ethi ibaki. Kompyuta na skrini vikaendelea, UPS ikilia kila baada ya sekunde kadhaa, na dakika ya 13 Windows ikahifadhi kila kitu na kujizima yenyewe kama nilivyoipanga. UPS sasa iko juu ya rafu ya mbao, upande wa ukuta usiopigwa na jua, na kila mwezi naipulizia vumbi. Yule binti na mama yake walirudi siku mbili baadaye, tukamaliza, sikuwatoza.

Kilichobaki ni ile betri iliyovimba. Iko chini ya kaunta, na kijana wa vyuma chakavu ameshaniulizia mara mbili.

Fundi umeme, Chang'ombe

Usimpe. Wengine huzipasua na kuyeyusha risasi uani, moshi wanavuta watoto na asidi inamwagwa chini. Mimi huzikusanya na kuzirudisha kwa wanaouza betri za magari, wao wana wanaozichukua kwa wingi. Nitapita Ipagala Jumamosi. Kwa sasa isimamishe juu ya ubao, mbali na jua, na zile ndimi zizungushie selotepu nyeusi zisije zikagusana na chuma.